Jani Juu ya Picha ya Kifua

Hakupenda kuitwa mwalimu. Ukimwamkia "Shikamoo mwalimu," aliitikia marahaba, kisha papo hapo akakurekebisha: "Mimi mtunza maabara. Walimu wako ofisini wanakunywa chai." Basi shule nzima tukamwita Mtunza, na mimi nimeendelea kumwita hivyo mpaka leo, ingawa funguo za maabara alizirudisha zamani na mimi mwenyewe mvi zimeanza kuniota. Nilimpenda, na bado nampenda. Kuna siku pia nimemchukia hadi nikakosea mshono kwenye cherehani. Yote mawili ni kweli na sina mpango wa kuyapatanisha.

Alikuwa mwembamba, shati amelifunga mpaka kifungo cha shingoni hata jua liwe kali namna gani, penseli sikioni. Penseli, si kalamu, kwa sababu wino ukilowa unakimbia na kazi yake ilikuwa ya majimaji. Hakuwa na viboko wala makelele. Alikuwa na jambo moja tu la kukuumbua nalo. Ukimwambia mmea umekufa, alikuuliza umeona nini. Ukisema umekauka, alikuuliza tena umeona nini. Mwisho ulisema majani yamekuwa ya kahawia na yanavunjika, hapo akaridhika. "Kufa ni neno lako wewe," alisema. "Andika ulichokiona, halafu ndiyo ukae ufikiri." Nimeshona nguo za watu hapa Mkomaindo, Masasi, miaka mingi kwa kanuni hiyo. Simwambii mteja amenenepa, namwambia kiuno kimeongezeka vidole viwili.

Mmea wake tuliuita umande. Kwetu sikuwahi kusikia jina lake jingine. Wakati wa mvua, maji yanapochuruzika juu ya miamba ya Masasi, unaota kwenye vijitope vyembamba pale ambapo hata nyasi zinashindwa. Ni mdogo, mwekundu, majani yake yana vinywele, na kila kinywele kina tone juu yake. Saa sita mchana, jua la kukaanga mahindi, umande wote wa dunia umekauka na ule bado unang'aa. Ukisogeza kidole unanata. Inzi akitua hatoki. Vinywele vinamwinamia taratibu, taratibu mno, mpaka unajiambia macho yako yanakudanganya, na baada ya muda amefunikwa.

Alitupandisha mwambani darasa zima, tukiwa kidato cha pili, tukamzunguka sisimizi mmoja kama watu walio msibani. Mtunza akasema kwa sauti yake ndogo, "Huu hauna mdomo. Tumbo lake liko nje, mnaliona hilo linang'aa. Hauli kwa kumeza, unakula kwa kugusa." Msichana mmoja akalia. Mimi sikulia, ila usiku ule nililala nimejifunika shuka gubigubi, miguu ndani.

Swali lake lilikuwa moja tu na alilibeba maisha yake yote. Je, mmea ndio unaommeng'enya mdudu kwa maji yake wenyewe, au mdudu anaoza tu kwa vijidudu, na mmea unafaidi mabaki? Alijua kwamba wataalamu wa nje walishalijibu zamani, maana kitabu alikuwa nacho, jalada limeshonwa kwa uzi. "Walijibu kwa mimea yao," alisema. "Mimi nauliza huu wa kwenye jiwe letu." Basi alichemsha yai, akakata ute wake vipande kama punje za mchele, akaviweka juu ya majani na kuvitazama pembe zake zikiyeyuka. Aligusisha karatasi za litmasi, akaonyesha kwamba jani lenye chakula lina ukali kuliko lenye njaa. Akidondosha maji ya magadi, kula kulisimama. Akidondosha tone la asidi, kukaendelea. Alitia chembe ya mchanga kwenye jani moja na chembe ya nyama kwenye jingine, na tuliona kwa macho yetu kwamba jani lililodanganywa kwa mchanga lilichoka upesi, lakini lililoonja nyama lilitoa maji mengi siku nzima.

Kwa ajili ya kazi hiyo hakuwa na aibu hata chembe. Safari moja basi liliposimama Nanganga, aliteremka na kopo tupu la mafuta ya kujipaka, akaanza kudaka inzi kwenye meza ya mama mmoja muuza samaki. Yule mama akamshika mkono. "Baba, inzi wangu unawapeleka wapi?" Mtunza akamjibu kwa heshima zote kwamba anawapeleka kuliwa. Yule mama akaufunika mdomo kwa kanga na hakumuuliza tena. Mtunza alirudi kwenye kiti chake na kopo linavuma magotini, na abiria wa jirani yake akahamia nyuma.

Alipostaafu alirudi kwao Mnyambe, juu kule uwandani Newala, na mimea akaipakia kwenye mabeseni. Hapo ndipo majirani walipoanza kumtazama kwa jicho jingine. Anayeijua Newala anajua habari ya maji. Watu wanaweka mabati na mifereji wakikinga mvua, na tangi likiisha ni kupanga foleni na ndoo. Mimea ile haitaki maji ya kisima wala ya bomba, yanaiua. Inataka ya mvua matupu. Mzee huyu, ambaye wajukuu zake walioga kwa kikombe, alichota maji ya tangi kila asubuhi akainywesha mabeseni manane ya majani mekundu. Mkewe alishasema mpaka akachoka. Mara moja alinikalisha jikoni akaniambia, "Mama Zuhura, mimi nina mke mwenzangu, tena anaoga kwenye mabeseni manane." Alicheka, nami nikacheka, lakini macho yake hayakuwa ya mtu anayetania.

Sasa nizieleze picha, maana zote zilikuwa dirishani kwake.

Picha za eksirei za zamani, zile nyeusi za plastiki nzito, zina utando wa jelatini unaoshikilia ule weusi. Jelatini inatokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe. Kwa hiyo kwa mmea wa umande, picha ya eksirei ni supu. Ukichuma jani lililoonja nyama, ukalisuuza kwa spiriti kuondoa vijidudu, ukalilaza juu ya picha ndani ya bakuli lenye unyevu, baada ya siku mbili ukalitoa na kuisuuza picha kwa maji, unakuta pale lilipolala weusi umetoweka. Ukiinua kwenye mwanga unaona doa jeupe lenye umbo la jani, na pembeni yake vijidoa vidogo vya ncha za vinywele, kama kope za jicho. Vijidudu vimeoshwa, siku mbili ni chache, kwa hiyo aliyekula ni mmea. Lilikuwa jibu lake. Aliliandika, akalirudia, akapima kila doa kwa rula, akalinganisha jani changa na jani kuukuu.

Shida ni kwamba picha hizo zinaadimika. Hizi mpya zinazotoka kwenye mashine za siku hizi jani linazilalia siku tatu halifanyi kitu. "Hizi hazilitii hamu," alisema, utafikiri anazungumzia mgonjwa aliyekataa uji. Ndiyo akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, Newala mpaka Masasi, akiulizia zile bahasha kubwa za kaki ambazo kila familia imezichomeka nyuma ya kabati. Watu walimpa. Wengine walimpa picha za marehemu. Dirisha lake likajaa mbavu, nyonga na mafuvu, jua likipita katikati, na kila moja ina tundu jeupe moja au mawili.

Siku moja nilipokwenda kumtembelea, jirani yake mmoja alinisubiri njiani. "Dada, wewe mtu wake. Mwambie aache. Analisha majani vifua vya watu, na mwenye kifua anabaki anadhoofika huku." Nilimjibu kwa ukali, nikamwambia hiyo ni plastiki na ng'ombe. Nilijiona msomi. Mtunza mwenyewe nilipomsimulia hakucheka. Alisema tu kwamba jirani ameona kitu na kukipa sababu isiyo yake, kosa ambalo hata walimu wanalifanya. Halafu akaongeza kwamba yeye kifua chake hajawahi kukipiga picha na hatakipiga. Nilimuuliza kwa nini. Akabadilisha maneno, akaniuliza bei ya vitambaa.

Mama yangu alimheshimu sana, kwa sababu aliamini bila yeye nisingemaliza kidato cha nne. Kila msimu wa mvua, Mtunza alipokuja Masasi kuchuma mimea mwambani, alikula kwetu Mkomaindo. Mama alimpikia wali na kunde, akamtengea maji ya kunawa mwenyewe. Kwenye mlo wa namna hiyo, miaka miwili iliyopita, Mtunza aliuliza kama nyumbani kuna picha ya zamani. Ilikuwepo. Mama aliwahi kuugua kifua kikuu, akameza dawa zote, akapona, na mwisho wa matibabu wakampiga picha. Aliyenyanyuka kwenda kuitoa nyuma ya kabati ni mimi. Niliipangusa vumbi kwa upindo wa kanga yangu na kumkabidhi kwa mikono miwili.

"Nitatumia pembeni tu, mama," alimwambia. "Kwenye weusi usio na mtu."

"Tumia utakavyo, baba," mama akasema. "Mimi nilishapona."

Mwaka jana, wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, mama akaanza kukohoa. Msimu ule kila mtu anakohoa, hewa yenyewe ina rangi ya njano, kwa hiyo hatukushtuka. Salfa ikaisha, kikohozi hakikuisha. Hospitali wakapima makohozi, hawakuona kifua kikuu. Wakapiga picha, wakaona doa upande wa kulia, juu. Daktari, kijana mpole, akatueleza vizuri. Doa hilo likiwa kovu la ule ugonjwa wa zamani, halina neno. Likiwa jipya, itabidi mama apelekwe hospitali kubwa akachukuliwe kinyama kidogo kikapimwe, tena haraka. "Mna picha ya zamani tulinganishe?"

Nilimpigia Mtunza pale pale uani hospitalini. Nilimweleza kwamba daktari anataka kulinganisha. Kisha akasema, "Ipo. Naituma kesho." Na kweli kesho yake kondakta alinikabidhi bahasha, picha ndani imepanguswa, haina alama ya penseli hata moja, yeye ambaye aliandika namba hadi kwenye ndoo. Nilifurahi mno kuikuta nzima hata sikujiuliza.

Daktari akaziweka mbili kwenye kisanduku cha taa. Akaenda mbele, akarudi nyuma. Doa lilikuwepo kwenye mpya, na lilikuwepo kwenye ya zamani, pale pale, la kijivujivu, la zamani limechanuka kidogo pembezoni. "Kovu," akasema. "Mama, hili ni lako la siku zote." Mama alipiga kigelegele mle ndani hadi muuguzi akachungulia. Nyumbani aliitundika ile picha ya zamani kwenye dirisha la sebuleni, na mgeni akija anaoneshwa kovu kabla hajaoneshwa kiti.

Tangu siku hiyo Mtunza hakuja tena. Mvua zikanyesha, miamba ikachuruzika, hakuja kuchuma wala kula. Mama akanung'unika. Kisha mwezi Juni huu akanitaka nimshonee shati la shukrani, kwa kumtunzia picha yake, nimpelekee mwenyewe. Nililishona na kifungo cha shingoni. Wiki hiyo hiyo nilimpunguzia mama gauni lake kwapani, mara ya pili tangu mwaka uanze. Nilipima, nikaandika, wala sikukaa nikafikiri.

Nilifika Mnyambe Jumamosi asubuhi. Mtunza alikuwa uani anamwagia mabeseni maji kwa kopo, amekonda, penseli sikioni. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama. Nilipomkunjulia shati alirudi hatua moja.

"La nini?"

"Mama kakushukuru. Picha yako ndiyo iliyomwokoa asiende kukatwa. Daktari aliona kovu ni lile lile."

"Kovu lipi?"

"La kulia, juu."

Aliweka kopo chini. Likaanguka, maji ya mvua yakamwagika yote kwenye mchanga, naye hakuliinua. Nikajua kuna jambo. Aliingia ndani, nami nikamfuata bila kukaribishwa. Dirishani picha zilikuwa zile zile, mwanga unapita kwenye mbavu za watu. Nilisogea kwenye mojawapo nikatazama tundu lake, zile kope pembezoni, na vidole vyangu vya fundi vikapita juu yake vyenyewe. Kulikuwa na kishimo, chembamba, cha unene wa uzi mmoja.

Daftari lilikuwa mkononi mwake, amelifungua tayari. Alinisomea kama anavyosoma daima, bila kupamba. Picha ya kifua, mwanamke, Mkomaindo. Jani la nne, lililolishwa. Pafu la kulia, juu, vidole viwili chini ya mfupa wa bega. Saa arobaini na nane. Upande mmoja wa picha umeliwa, upande wa pili umebaki.

"Utando uko pande zote mbili," akasema. "Ndiyo maana ni kijivu. Pembeni kulikuwa kumejaa maandishi ya hospitali. Pale ndipo palipokuwa peusi kuliko pote."

"Na kabla ya kuliweka jani? Uliona nini?"

Akalifunga daftari. "Nilitazama kwa lenzi, sentimita kwa sentimita. Hapakuwa na kitu. Kifua cha mama yako kilikuwa safi."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Nilimuuliza kwa kelele, mkewe akatoka jikoni. Alisema aliona haya. Alikuwa ameahidi pembeni. Alijiambia daktari ni msomi, ataliona shimo, atalipuuza, ataangalia mengine. Alifuta namba zake ili tusijue. Kisha akasema jambo ambalo sikutegemea kulisikia kinywani mwake: "Na kwa nini hili doa jipya limeota pale pale? Mama Zuhura, kwa nini pale pale?" Alikuwa ananiuliza mimi, mshona nguo. Nilimwambia avae shati, tunaondoka.

Bodaboda mpaka Newala mjini, kisha Hiace ya Masasi. Tulikaa kiti kimoja, daftari limefungwa kwenye mfuko wa plastiki mapajani pake. Njia nzima nilihesabu miezi tangu daktari aseme ni kovu. Ilikuwa kumi. Miezi kumi ya mama kula vizuri, kulala vizuri, kukohoa kidogo tu, na mimi kupunguza magauni yake. Kwenye mteremko wa kushuka uwandani Mtunza aliniambia nimpe daktari daftari lote, si ukurasa mmoja, ili asidhani tumelitunga. Nilitamani kumshika mkono na nilitamani kumshusha njiani.

Tulifika alasiri. Mama alikuwa sebuleni na jirani yetu, wamesimama dirishani, na kidole cha mama kiko juu ya picha. "Hili hapa," alikuwa anasema, "la siku zote. Daktari mwenyewe kasema." Alipogeuka na kumwona Mtunza kwenye shati jipya, uso ulimng'aa mpaka nikatazama chini.

"Karibu, karibu! Nilisema utakuja tu. Njoo uone picha yako ilivyokaa."

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona umekonda hivyo?"

Mtunza alivua kofia. Aliitazama picha, akamtazama mama, mifupa ya shingo, gauni lililopwaya tena begani. Nilimjua. Alikuwa anaangalia kwanza.

"Mama," akasema, "naomba ukae."

"Nikae mimi, na mgeni wewe umesimama?" Mama alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Akakimaliza, akajifuta mdomo kwa pembe ya kanga, akaenda kumletea kiti.